Muulize Fundi: Paswadi ni sahihi lakini imeili yakataa

SWALI: Fundi salaam aleikum, mie nna saiba ndogo hapa Mwembe Tayari, Gmail yangu naisomea kwa Thunderbird, ile programu ya barua pepe ya kompyuta, juzi nimeweka programu upya basi kila nikitia paswadi yaniambia si sahihi na kwa simu paswadi hiyo hiyo yaingia, nishaandika mpaka vidole vyauma, nifanyeje?
Mama Saiba, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam mamangu, wacha kuandika, paswadi yako haina neno. Tangu 2022 Google haitaki programu ipewe paswadi ya kawaida, yataka OAuth2, yaani kidirisha cha Google chenyewe kinafunguka unajitambulisha mle. Ingia mipangilio ya seva, pale kwenye njia ya uthibitishaji badilisha iwe OAuth2, na usisahau seva ya kutuma, hiyo iko peke yake chini kabisa na watu wengi huiruka halafu waniandikie tena ati zaingia lakini hazitoki. Futa paswadi ya zamani iliyohifadhiwa, funga programu, fungua. Kidirisha kikija cheupe tupu, ruhusu kuki, vile vijifaili tovuti huweka kukukumbuka, kwenye mipangilio ya Thunderbird. Bandari ya kupokea, yaani namba ya mlango wa seva, iwe 993 (si ya Kilindini hiyo!).