Tangi limenyonywa, mbona maji yanarudi?

SWALI: Tangi letu la maji taka lilinyonywa mwaka jana. Masika haya choo kinajaa kila tukimwaga maji. Tuite gari tena? – Msomaji, Malindi

JIBU: Msiite bado. Kama ni choo hicho tu, bomba lake limeziba. Kama na bafu linarudisha maji, fungueni kifuniko cha tangi. Maji yakiwa yamepita bomba la kutokea, tazameni kwanza kiungo chake cha umbo la T. Mafuta ya jikoni na vitambaa hukwama hapo. Kikiwa safi, tatizo ni shimo la kufyonzea, lile linalopokea maji ya tangi ili yazame ardhini: udongo umeshiba mvua, au tope limetoka tangini likaziba kuta zake. Hapo kunyonya tangi ni nafuu ya siku chache tu. Punguzeni matumizi ya maji, na maji ya paa yaelekezeni mbali na shimo.

Tope lipimeni kwa mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe. Likifika thuluthi ya kina, nyonyeni. Mara nyingi huwa kila miaka 3 hadi 5. Na tafadhalini, mtu asiingie tangini hata likiwa tupu: hewa yake huua kwa dakika chache.