Breka Ikiruka, Usiweke Kubwa Zaidi

Msomaji wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia. Shawa yake ya maji moto ilikuwa ikirusha breka kila baada ya dakika kumi hivi. Fundi akatoa breka ya ampea 20, akaweka ya 63, na sasa hairuki tena. Anauliza kama kazi imeisha. Haijaisha, na tafadhali asiiwashe shawa hiyo leo.

Zile dakika kumi zilikuwa ushahidi. Ndani ya breka mna ukanda wa metali mbili zilizoshikanishwa. Mzigo ukizidi, ukanda hupata joto, hupinda polepole, kisha hufyatua springi. Kando yake kuna koili ya sumaku isiyongoja: kwenye breka ya C32 (aina ya C, ampea 32), hufyatua papo hapo umeme ukifika mahali fulani kati ya ampea 160 na 320. Breka ikiruka mara tu unapowasha, tafuta shoti. Ikikawia, tafuta mzigo uliozidi au skrubu iliyolegea, kwa sababu skrubu iliyolegea hupasha ukanda uleule.

Tupige hesabu. Shawa iliyoandikwa wati 5500 kwa volti 220 huvuta ampea 25. Lakini stima yetu ni volti 240, kwa hiyo inavuta kama 27. Breka ya 20 ilifanya kazi yake sawasawa! Ikiwa waya ni wa milimita mraba 2.5 uliopita kwenye paipu ukutani, umelemewa, na breka ya 63 haitajua. Plastiki ya waya wa kawaida huvumilia joto la nyuzi 70. Likizidi hapo kila asubuhi, plastiki hukauka na kupasuka mahali usipoona. Breka iko pale kulinda waya, na inaniuma sana kuona fundi akiunyima ulinzi huo ili mteja anyamaze.

Dawa yake: waya wa milimita mraba 6 kutoka kwenye kisanduku cha breka hadi kwenye shawa, usiochangiwa na kitu kingine, breka ya 32, na skrubu zikazwe kwa nguvu inayotajwa na mtengenezaji.

Kushikilia kishikio cha breka kwa kidole hakusaidii, kwa kuwa breka nzuri hukata ndani hata kishikio kikiwa juu. Kila inapokata shoti, mwako huruka na kula ncha zinazogusana, ingawa vibati vilivyopangwa ndani huukatakata na kuupoza. Ikinuka kuungua au ikibadilika rangi, inunuliwe nyingine.

Ila breka ya kawaida haimlindi anayeoga. Mtu hufa kwa umeme mdogo sana kuliko ule ambao breka hiyo inaweza kuhisi. Shawa inahitaji RCD ya miliampea 30, yaani kifaa cha kukata umeme unaovuja, kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata ndani ya sekunde 0.3. Bonyeza kitufe chake cha T (cha kujaribu) kila mwezi stima ikiwepo. Isipokata, usioge na shawa hiyo mpaka ibadilishwe. Kitufe hicho hakipimi waya wa athi. Huo apime kwa mita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli.