Barua kwa mwanangu: Je, Italia iliwauza watu wake?

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na swali lako limenikosesha usingizi. Umeuliza: Italia, nchi ya viwanda, ilikuwaje baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wake wakapelekwa kuchimba makaa ya mawe Ubelgiji? Na je, serikali yao iliwauza?

Neno hilo ni kali, lakini mimi silikatai. Mkataba wa Italia na Ubelgiji ulitiwa saini Roma tarehe 23 Juni 1946. Viwanda vya Turin na Milano vilitaka kufufuka, na mashine haziendi bila makaa, ambayo ardhi ya Italia karibu haina. Ilichokuwa nacho tele ni vijana wasio na kazi. Ubelgiji ilikuwa na makaa, lakini raia wake walishachoka kushuka mashimoni, na mateka wa Kijerumani waliochimba hawangekaa milele. Wakakubaliana: Italia itoe watu 50,000, Ubelgiji iiuzie makaa.

Kinachoniuma miaka yote niliyofundisha somo hili ni lile bango la rangi ya waridi lililobandikwa hadi vijijini. Mshahara, likizo, posho ya watoto, vyote viliandikwa. Kuhusu kazi yenyewe chini ya ardhi, karibu kimya. Mtoto wa mkulima wa Abruzzo, mkoa wa Italia, ambaye mgodi hajauona, anapimwa afya katika vyumba vya chini vya stesheni ya Milano, anapandishwa treni, akifika anaoneshwa banda walimokuwa wakilala mateka wa vita. Kazi ni ya miezi 12. Waliouona mdomo wa shimo wakakataa kushuka walikamatwa, wakafungiwa, wakarudishwa kwao kama wahalifu.

Asubuhi ya 8 Agosti 1956, katika mgodi wa Bois du Cazier huko Marcinelle, Ubelgiji, toroli halikuingia sawasawa ndani ya kizimba cha kupandishia makaa. Kizimba kikaondoka hivyo hivyo. Toroli likakata bomba la mafuta na nyaya za umeme, moto ukawaka mita 975 chini. Walikufa watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia. Kijiji kimoja tu cha Abruzzo, Manoppello, kilipoteza zaidi ya 20. Wake wa wachimbaji walishinda getini kwa mgodi wiki mbili, mpaka mwokoaji alipopanda juu na kusema: "Tutti cadaveri." Wote maiti.

Hapo ndipo Italia iliposimamisha kupeleka watu wake kwenye migodi ile. Viwanda vyake navyo vilikuwa vimeshasimama. Sisemi makaa ya Ubelgiji peke yake ndiyo yaliyoviinua, lakini waliorudi na vumbi la mawe mapafuni walilipa sehemu yao, na hakuna aliyewaeleza bei mapema.

Umeniandikia pia kwamba binti wa shangazi yako ametumiwa mkataba wa kazi za ndani Muscat, na mshahara unaridhisha. Mwambie asisaini bado. Nipigie picha kurasa zote, hata zile za Kiarabu, nitamtafuta wa kutusomea.

Mama yako