Ukungu Ndani ya Darubini: Toa Mchele Huo

SWALI: Jana alasiri nilitazama ndege kwa saa mbili huku mvua ya upepo ikininyeshea. Darubini yangu ni 8x42 (hukuza mara 8, lenzi za mbele zina kipenyo cha milimita 42) na imeandikwa kuwa haiingizi maji. Nilipofika nyumbani nikakuta ukungu ndani ya lenzi, kitambaa hakiufikii. Nimeifukia kwenye mchele. Niiache siku ngapi?

JIBU: Itoe sasa hivi. Kila mvua zikianza naletewa darubini zenye unga wa mchele kwenye gurudumu la kulengea, na wenyewe hushangaa nikikunja uso. Mchele mkavu wa gunia tayari una maji yake, kama asilimia 12 hadi 14 ya uzito. Hauna kiu unayoidhania. Ukungu ukitoweka siku ya pili watu husifu mchele, kumbe chumba kimepata joto tu, mvuke ukaachia kioo na kubaki mle mle ndani. Usiku ukipoa, unarudi.

Darubini za namna yako hujazwa gesi kavu ya naitrojeni kiwandani, kisha maungio huzibwa kwa pete za mpira. Ukungu ukionekana ndani, ujue pete mojawapo imeshindwa na gesi imeshatoka. Hakuna ukaushaji utakaoirudisha. Kwa sasa iweke kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli (chembe za kufyonza unyevu) ya kutosha, si kale kafuko kamoja ka kwenye boksi la viatu. Iache wiki nzima. Baada ya hapo mpelekee fundi mwenye vifaa vya kubadilisha pete na kujaza gesi. Kama dhamana ingali hai, usiguse hata skrubu moja.

Usikawie, lakini. Kiswahili kimeuita ukungu mvuke wa kwenye kioo, kikauita ukungu pia uozo unaoota kwenye mkate, na kwa darubini hakikukosea: wa kwanza akikaribishwa wiki kadhaa humwita wa pili. Nyuzi za huyo wa pili hutoa asidi inayokula utando wa lenzi. Nikizisafisha, alama hubaki.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaoahidi kuimaliza kazi kwa nusu saa, kwa bisibisi na mashine ya kukaushia nywele. Joto lile huyeyusha grisi, ikatambaa hadi kwenye kioo. Na prizimu, kile kipande cha kioo ndani kinachopindisha mwanga, ikisogea kidogo tu, mirija miwili haitazami tena mahali pamoja. Macho huhangaika kuunganisha picha mbili, kichwa kinauma, na mwenye darubini anaanza kulaumu umri wake! Niliwahi kupokea moja ambayo prizimu zake zilikuwa zimebandikwa kwa gundi ya viatu. Sikuweza kuiokoa.

Lawama nyingine iwaendee wauzaji wanaotumia maneno "haiingizi maji" kwa kila kitu chenye mpira juu yake. Kuvumilia manyunyu ni jambo moja, kuzamishwa ni jingine. Iliyopimwa kweli huandikwa kina na muda, mathalani mita 1 kwa dakika 30. Muuzaji asipokuwa na namba hizo, chukulia kwamba anakuuzia ya manyunyu, na wingu likitanda itie mkobani.