Mwanangu anaanza masomo katika shule ya Mayahudi: je, nimemtoa katika dini?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh wangu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi kaskazini mwa Uingereza na wanangu wawili, na baba yao ametangulia mbele ya haki. Nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwanangu mkubwa ana miaka 11 na Septemba hii anaanza mwaka wa saba. Shule aliyopata ni ya Mayahudi, iko mwendo wa dakika tano kutoka nyumbani. Nyingine iliyobaki na nafasi ni ya kupanda mabasi mawili, na mtoto wa jirani yangu alipigwa huko mara mbili. Katika hii watoto wa Kiislamu wapo, lakini wavulana wote hutakiwa kufunika kichwa wakati wa kula na wa ibada, na wote hufundishwa Kiebrania. Kaka yangu aliyeko Mombasa ameandika mbele ya ukoo mzima kwamba nimemfanya mwanangu Myahudi kwa mkono wangu, na kwamba hatakanyaga kwangu tena. Je, nimekosa mbele ya Mwenyezi Mungu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo na akupe nguvu ya mzigo uliobaki mabegani mwako. Nilikuwa na maswali mengine yaliyotangulia lako, nikayaweka kando, kwa sababu mama anayekesha akiwageuza wazee wa watu vitandani ili wanawe wale hafai kurudi nyumbani alfajiri akute maneno kama hayo kwenye simu yake. Hujakosa. Kumsomesha mwanao katika shule hiyo kunajuzu, kwa masharti nitakayoyaeleza, na hata masharti yenyewe mengi yanahusu nyumba yako kuliko shule.

Kaka yako ameegemea hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, kisha wazazi wake ndio wanaomfanya Myahudi, au Mnasara, au Mmajusi. Hadithi ni sahihi, ila ameisoma kichwa chini. Mtume, rehema na amani zimshukie, amewataja wazazi. Hakumtaja mwalimu wa hesabu, wala jirani, wala mwenzake wa dawati moja. Anayeitumia hadithi hii kumshtaki mama anayeswali, anayefunga, na anayemwamsha mwanawe kwa Alfajiri baada ya zamu ya usiku, amechukua maneno yaliyokusudiwa kutukabidhi sisi wazazi amana ya dini ya watoto wetu, akaikabidhi amana hiyo kwa jengo la shule. Nimewaona vijana waliosoma madrasa kuanzia utotoni hadi ndevu zikaota, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuwauliza kama wameswali. Leo hawajui hata rakaa za Ishaa. Waliofanya hivyo hawakuwa Mayahudi.

Wapo wanaoleta aya ya 51 ya Suratul Maida, inayokataza kuwafanya Mayahudi na Wakristo kuwa mawalii, na kuitafsiri neno hilo kuwa "marafiki", kisha wakahukumu kwamba hata kukaa nao darasa moja ni haramu. Wafasiri waliposimulia sababu ya kushuka kwake walitaja habari za Ubada bin Samit na Abdullah bin Ubayy katika mgogoro wa Banu Qaynuqa: mmoja alivunja mapatano aliyokuwa nayo na kabila hilo ili awe upande wa Mtume, na mwingine akayang'ang'ania kwa kuogopa mambo yasije yakamgeukia. Aya inahusu kuwapa utii na nusura watu walio vitani na Waislamu. Ingekuwa inakataza kila mahusiano, Mtume asingeweka deraya yake rehani kwa Myahudi kwa pishi thelathini za shayiri, na habari hiyo tumeipokea kwa Bibi Aisha mwenyewe. Asingekwenda kumzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia, alipougua, akakaa kichwani pake. Wala asingesimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa kwamba ni la Myahudi akauliza: je, si nafsi hii? Na aya ya 8 ya Suratul Mumtahina imesema wazi kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Mwalimu atakayemfundisha mwanao sayansi yumo katika aya hii mpaka ithibitike vingine.

Najua pia kwamba masheikh wetu wa Pwani zamani waliwaonya wazee wasiwapeleke watoto katika shule za misheni, na kaka yako huenda anayasikia maonyo hayo masikioni mwake. Walikuwa na sababu. Misheni ilijengwa ili imbatize mtoto, na wenyewe hawakuficha. Dini ya Kiyahudi haina kazi hiyo. Desturi ya marabi, viongozi wao wa dini, ni kumrudisha mlangoni anayetaka kuingia, hata mara kadhaa, mpaka wahakikishe nia yake. Shule za Kiyahudi za Uingereza zinazoendeshwa kwa fedha za serikali, nafasi zikibaki, hulazimika kupokea watoto wa dini nyingine, na ndiyo maana Birmingham ipo shule ya msingi ya Kiyahudi ambayo kwa miaka mingi imejaa watoto wa Kiislamu, na hakuna aliyesikia kwamba wameingizwa Uyahudi. Kuchukua hukumu ya shule ya misheni ukaivisha shule hii ni kupima nguo kwa mwili wa mtu mwingine.

Ama Kiebrania, kisikutie wasiwasi hata kidogo. Zayd bin Thabit alikuwa na miaka 11, umri wa mwanao leo, Mtume alipohamia Madina, na Mtume ndiye aliyemwamuru baadaye ajifunze maandishi ya Mayahudi. Wapinzani watanikumbusha kwamba Mtume alisema hakuwa na imani nao juu ya barua zake. Ni kweli, na dawa aliyoichagua ilikuwa kumsomesha kijana akaijua lugha yao. Kijana huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa mkusanyaji wa Mus-haf katika zama za Abubakar. Mwanao akianza kuhesabu kwa Kiebrania atasikia shesh, sheva, tesha, atashangaa kuikuta sita, saba na tisa ya bibi yake humo, kwa kuwa Kiswahili kilizichukua kwa Mwarabu, na Mwarabu na Mwebrania ni ndugu wa lugha moja.

Chakula chao cha nyama ni halali kwake kwa aya ya 5 ya Suratul Maida. Madhehebu yetu ya Shafi yana sharti zito zaidi kuhusu kichinjo cha Ahlul Kitabi, yaani Mayahudi na Wakristo, kwa kuangalia asili ya watu wake, na kwa jumla Bani Israil ndio wanaolitimiza kwa wepesi. Nguruwe hatamkuta katika jiko lao. Mtahadharishe jambo moja tu: sheria yao ya chakula, wanayoiita kosheri, haiharamishi mvinyo. Siku ya Ijumaa huwa wanabariki kikombe, na mashuleni mara nyingi ni maji ya zabibu tu, lakini mwanao aulize kabla hajanywa, na keki aziulizie vilevile.

Ibada ndipo mpaka ulipo, na hapa sitakulegezea. Mwanao ajifunze wanavyoamini, wala hakuna ubaya akijua kwamba sala yao kubwa, Shema, inatangaza kwamba Mungu ni mmoja. Hilo ni neno la haki. Lakini kusali pamoja nao kwa sala zao hakuruhusiwi. Sheria ya Uingereza inampa mzazi haki ya kumtoa mtoto katika ibada ya shule na katika masomo ya dini, haki iliyoandikwa tangu mwaka 1944. Andika barua kabla shule haijafunguliwa, kwa lugha ya adabu, useme unataka mwanao asishiriki ibada, na katika barua hiyohiyo omba apewe mahali pa kuswali Adhuhuri wakati wa chakula. Usilidharau ombi hili la pili. Huko kwenu mwezi wa Desemba Adhuhuri huingia muda mfupi baada ya saa sita, Alasiri iko mlangoni karibu na saa nane, na jua linazama kabla ya saa kumi; mtoto asiyeswali Adhuhuri shuleni hawezi kuidiriki nyumbani.

Nisipolitaja jambo la Palestina nitakuwa nimekuficha kilicho moyoni mwa kaka yako, na moyoni mwangu pia. Tumezika watoto wa Gaza kwa macho yetu kila jioni kwenye simu, na hasira hiyo ni ya haki. Ikiwa shule itasherehekea kuundwa kwa dola ya Israel, siku ambayo Wapalestina wanaikumbuka kama msiba wa 1948, mwanao asishiriki, na umweleze mwalimu sababu bila kupaza sauti. Lakini mtoto wa Kiyahudi wa miaka 11 atakayekaa naye hakutupa bomu. Kitabu chetu kimesema katika Suratul An-aam kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na katika Suratul Maida kwamba chuki ya watu isitupeleke tukaacha uadilifu. Tarehe 2 Oktoba 2025, siku yao ya mfungo mkubwa, watu walishambuliwa nje ya sinagogi huko Manchester, na waumini wawili wakafa. Aliyeitenda jinai ile hakuitenda kwa niaba yetu. Mwanao akiona mlinzi na uzio mrefu getini mwa shule, mweleze kwa nini viko pale, na umwambie ukweli wote: kwamba wapo wanaowaua watoto wa wenzetu na wapo wanaowaua wetu, na sisi tumeamriwa kuyachukia yote mawili.

Nimesema mwanzo kwamba masharti mengi yanaihusu nyumba yako. Unarudi asubuhi umechoka, naye anatoka. Basi chukueni zile dakika chache za chai, kabla hajavaa viatu, asome mbele yako nusu ukurasa wa Qur'ani, hata kama macho yako yamefumba, utasikia akikosea. Jioni kabla hujaenda zamu mwulize amejifunza nini, na asikuone ukikunja uso anapokutajia jambo la dini yao, maana siku atakayoogopa uso wako ndiyo siku atakayoanza kukuficha. Msimulie Bibi Safiyya, aliyezaliwa Myahudi akawa mama wa waumini. Alipokejeliwa kwa asili yake Mtume alimfundisha ajibu kwamba baba yake ni Harun, ami yake ni Musa na mumewe ni Muhammad. Mwanao akijua kisa hiki, Musa atakayemkuta shuleni hatakuwa mgeni kwake.

Imebaki kofia. Kujifananisha kulikokatazwa ni kuvaa vazi la ibada ya watu kwa kulikusudia, na sheria ya Mayahudi inataka kichwa kifunikwe tu, haikuweka umbo maalumu. Waombe avae kofia yake mwenyewe, na sidhani watakataa. Kisha mpigie kaka yako simu, usimwandikie, hata kama atakata mara ya kwanza. Kukata udugu ni dhambi kubwa isiyo na shaka, na yeye ameifanya kwa ajili ya jambo ambalo halikuwa dhambi. Mwambie kwamba mimi ndiye niliyesema hivyo. Mwombe aende kwa wale kina mama wanaoshona kofia za mkono, achague moja nyeupe ya kipimo cha kijana wa miaka 11, amtumie mpwawe kabla ya Septemba.

Wallahu aalam.