Risiva ya kawaida inatosha, fedha iweke kwenye spika
Ndugu, umeuliza ununue risiva (mashine ya kukuza sauti na kuendesha spika) ya kawaida au ya daraja la juu: kwa sebule ya kawaida ya hapa Mbeya yenye spika mbili, chukua risiva ya kawaida, na ile tofauti ya bei na ya daraja la juu uiongeze kwenye spika, kwa kuwa hizo ndizo zinazoamua zaidi sauti utakayoisikia. Wati zisikubabaishe: kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, ilhali spika ya desibeli 90 (sauti inayotoa kwa wati moja, ukiwa mita moja) hutoa sauti ileile kwa nusu ya wati zinazohitajiwa na spika ya desibeli 87. Ya daraja la juu inafaa pale spika zako zinapokuwa za omu 4 (kipimo cha ukinzani; kikiwa kidogo, spika huvuta umeme mwingi zaidi) na risiva ya kawaida haiziruhusu. Ninalolisisitiza, maana nimeshafungua nyingi zilizoungua, ni hili: ukinunua ya mtumba pale Mwanjelwa, igeuze usome maandishi ya nyuma, karibu na waya wa umeme. Yakitaja volti 100 au 120 pekee, ilitengenezwa kwa ajili ya nchi kama Japani au Marekani, na umeme wetu wa volti 230 utaiharibu usipotumia transfoma ya kushushia.