Nywele zinatoka na kila mtu ana sababu yake: venye mimi nimejipanga

Ukianza kuona ngozi ya utosi ikichungulia katikati ya nywele utagundua pia kwamba kila mtu Kisumu hii ni daktari. Dada wa saluni kule Kondele alisema ni relaksa ya zamani, jirani akasema ni maji ya kisima yana chumvi, mama mmoja wa kanisa akaniambia bila kuulizwa nikapimwe thairoidi, kaka yangu akasema ni stresi ya loni ya sacco, na mzee mmoja wa upande wa bwanangu akataja chira, ile laana ya kuvunja mwiko, kwa sauti ya chini halafu akaitisha chai. Wote walikuwa na uhakika. Mtu pekee hakuwa na uhakika ni daktari wa ngozi, na nataka kuongea juu ya hio kwa sababu ilinisumbua kuliko hata upara wenyewe.

Sisi tumezoea malaria. Unadungwa kidole, jibu linatoka, unapewa dawa, unarudi nyumbani. Nywele haziendi hivyo, nywele zinajibu zikichelewa. Homa kali, upasuaji, kujifungua, kupunguza kilo haraka haraka, msiba, yote yanaweza kumwaga nywele lakini baada ya miezi miwili ama mitatu, so unaamka siku moja unazikuta kwa mto na unaanza kulaumu shampuu uliyonunua wiki jana wakati chanzo ni ile homa ya Aprili uliyoshasahau. Hizo kwa kawaida zinarudi zenyewe ndani ya miezi sita hivi, na hapo ndio biashara ya mafuta ilipo jameni, kwa sababu ulikuwa unapaka kitu wakati zinarudi, sa hii utaapa mbele ya kanisa ni kile kitu. Halafu kichwa kimoja kinaweza kuwa na sababu mbili ama tatu. Mtu amejifungua, ayoni iko chini, na tangu darasa la nne amekuwa akisukwa rasta za kuvuta mpaka macho yanapanda. Utatenganisha aje?

Kwangu vipimo vya damu vilirudi sawa, feritini tu, yaani akiba ya ayoni mwilini, ndio ilikuwa chini kidogo, tukaendelea mpaka bayopsi. Wacha niwaelezee hio kwa sababu watu wanaiogopa bure. Sehemu inauma ni sindano ya ganzi, inachoma sekunde chache. Baada ya hapo daktari anachukua kifaa chenye mdomo wa duara, kama milimita 4 hivi, anakizungusha kwa ngozi na kutoa kinyama kidogo chenye mizizi ya nywele ndani, anashona nyuzi, anabandika plasta, umemaliza. Nilikaona kale kanyama kakielea kwa chupa, kadogo kama kipande cha raba ya penseli, nikajiambia sasa ukweli wote uko hapo ndani. Majibu yakaja yamejaa maneno, na chini kabisa yamesema huenda ni hii, huenda pia ni ile, ilinganishwe na vile daktari ameona kwa macho. Na daktari alikuwa ametuma huko ndio asaidiwe na vile ameona kwa macho!

Nikamuuliza sasa itakuwaje. Akanijibu kwamba kuna jambo moja tu la kujua haraka, kama mzizi umelala ama unakufa, hayo mengine yanaweza kungoja. Tangu siku hio nimekuwa nikipanga kila kitu na hilo swali, na ndio ushauri wangu mkubwa kwako.

Mzizi ukiwa unakufa unaacha kovu na hakuna mafuta ya nyonyo, maji ya mchele wala rozmari itaufufua, kwa hivyo hapo usingoje kujua jina la ugonjwa ndio uende. Dalili ni kama kichwa kinachoma ama kinauma ukiguswa, kinawasha sehemu moja tu kila siku, kuna vipele na usaha, ama ngozi imeanza kung'aa na huoni tena vitundu vya nywele. Ile ya kuanzia utosini na kupanuka kwa duara inaitwa CCCA na inapata sana wanawake weusi. Miaka mingi lawama zote zilikuwa za relaksa na kitana cha moto, halafu mwaka wa 2019 watafiti wakaonyesha kwamba baadhi ya wanaougua wana hitilafu kwa jeni ya kurithi inaitwa PADI3, so mambo ya saluni yanaweza kuchangia lakini hayatoshi kueleza kila kitu. Ile ya pembeni juu ya masikio na mbele ya uso kwa kawaida ni kuvutwa, na hio ukiiwahi mapema inarudi, ukiendelea kufunika na weave ya kushonwa kwa matuta yaliyokazwa inageuka kovu. Msusi akiweka nywele na uone vipele vidogo vyeupe mbele, mwambie afungue. Leo, sio baada ya harusi.

Watoto ni kesi yao. Mtoto akiwa na mabaka yenye magamba na nywele zimekatikia hapo, mara nyingi ni mashilingi, yaani fangasi ya kichwa, na krimu peke yake haifiki kwa mzizi, anahitaji dawa ya kumeza kama griseofulvin kwa wiki kadhaa. Ile mabaka laini ya duara ambayo haina magamba wala haiwashi inaweza kuwa alopesia areata, kinga ya mwili inashambulia nywele zake yenyewe. Hio inaweza kurudi bila dawa yoyote halafu itoke tena mwaka mwingine bila kukuambia. Jada Pinkett Smith anaishi na alopesia, na ule utani wa 2022 uliomfanya Will Smith apande jukwaani kumzaba Chris Rock kofi ulikuwa juu ya hicho kichwa.

Vipimo vya damu ambavyo vina maana kuuliza ni hemoglobini, feritini na TSH, kipimo cha tezi ya thairoidi, na ukiongezewa cha kaswende ama HIV usikasirike, kaswende pia inatoa nywele kwa mabaka mabaka na inatibika. Kitu moja watu hawaambiwi ni kwamba zile tembe za vitamini ya bayotini za nywele na kucha zinaweza kuharibu majibu ya maabara, ya tezi zikiwemo, ukaonekana mgonjwa wa kitu huna. Sema unazitumia kabla hujatolewa damu. Na kama hauna upungufu wa bayotini, sioni sana ile pesa inaenda wapi.

Sasa dawa. Mimi nilipewa sindano za steroidi kwa utosi na minoksidili ya kupaka, na daktari akasema wazi anatibu vile vitu viwili karatasi ilivyotaja kwa sababu hajui ni kipi. Mwanzoni nilichukia hio jibu. Halafu nikasoma historia ya minoksidili: ilianza kama tembe ya presha ya damu, wagonjwa wakaanza kuota nywele hadi mahali hawakutaka, ndio mwaka wa 1988 Marekani wakaiidhinisha ya kupaka kichwani kwa wanaume. Mpaka leo wataalamu hawajaelezana kikamilifu inafanya kazi aje. Kama wenyewe wameweza kuitumia miaka yote hio bila kujua kila kitu, mimi ni nani nikatae kuanza.

Lakini ianze ukiwa umejipanga. Wiki za kwanza nywele zinaweza kutoka zaidi, watu wengi wanaacha hapo hapo. Kuona kitu kunachukua miezi minne mpaka sita, na ukiacha, kile ilikuwa imeshikilia kinatoka tena. Ukiwa mjamzito ama unanyonyesha, usiipake kabla ya kuongea na daktari. Na tafadhali kitu kimoja kwa wakati, kwa sababu ukianza minoksidili, maji ya kitunguu na tembe za TikTok wiki moja, ikifaulu hutajua umshukuru nani na ikiwasha hutajua umtupe nani. Kuhusu pesa nimeweka kiwango changu cha mwezi, ikiisha imeisha, hata kama kuna mtu ameniletea chupa ya ajabu kutoka Busia.

Kuhesabu nywele kwa sinki niliacha. Kawaida mtu anapoteza 50 hadi 100 kwa siku, na sisi wa rasta tukifungua baada ya mwezi na nusu tunaziona zote mara moja, inatisha na haimaanishi kitu. Angalia tu ncha: ukiona kidonge cheupe kidogo imetoka na mzizi, ukikosa imekatika katikati, na hizo ni shida mbili tofauti. Badala ya kujitazama kila saa na tochi ya simu napiga picha moja kila mwanzo wa mwezi, dirisha lile lile, saa ile ile, kichwa kimeinama. Nywele zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, utaona nini ukiangalia kila siku?

Watu nao. Wigi na helmeti ya boda haviivani, nimeshavuliwa wigi pale Kibuye mchana wa saa saba na mwenye boda akageuza uso kwa heshima, Mungu ambariki. Baadaye nilinyoa kwa kinyozi, mashine namba moja, na kilemba kikawa cha kanisa tu. Mamake bwanangu aliponiona akashika kichwa changu akauliza, "Nyathina, kuna msiba kwenu?" yaani mtoto wangu kwa Kijaluo, maana mwanamke kunyoa kwao ni habari. Nikamwambia mama, ni ngozi inaumwa, natibiwa, hawajajua vizuri ni nini. Akasema sawa, akaendelea kuchambua mboga yake ya osuga. Hio ndio sentensi natumia mpaka leo kwa kila mtu, na ukiitoa haraka bila kujieleza wengi wanaachana nawe.

Sa hii duara la utosi halijaongezeka, pembeni yake kuna nywele nyembamba, katikati bado. Jina la ugonjwa bado ni mawili. Madaktari wa ngozi ni wachache huku kwetu, wengi wako Nairobi, so ukipata nafasi ya mmoja usiende mikono mitupu. Enda bila rasta na bila wigi ya gundi, kichwa kimeoshwa bila mafuta. Beba zile picha, majibu yote ya zamani hata ya kliniki ndogo, chupa za kila kitu unapaka na kumeza, na karatasi ya tarehe: ulijifungua lini, uliugua lini, ulibadilisha dawa ya kupanga uzazi lini, nani kwenu ana kipara upande wa mama na wa baba. Na swali la kwanza uliza lile la mzizi.